Hodi ya Mashine

Neno hodi ni fupi, lakini limebeba mambo matatu. La kwanza, anayelisema yupo. Amesimama mlangoni kwa miguu yake mwenyewe. La pili, anakiri kwamba nyumba ile si yake. La tatu, yu tayari kwa jibu lolote: akiambiwa karibu ataingia, na akipiga hodi mara tatu bila kuitikiwa ataondoka bila kinyongo. Haya tuliyafundishwa na wazazi wetu kabla hatujajua kusoma, na wala hakuna aliyetueleza sababu zake. Ilitosha kujua kwamba mtu anayeingia bila hodi ama ni mwizi, ama ni mtu asiyefunzwa.

Katika insha hii napenda tulitafakari pamoja, ndugu msomaji, swali moja ambalo wazee wetu hawakulazimika kuliuliza. Je, mashine inaweza kupiga hodi? Na kama haiwezi, kwa haki gani inaruhusiwa kuita mlangoni kwa mtu?

Swali hili si la mchezo. Nchini Marekani, Bunge, mahakama na tume mbili za serikali zimekuwa zikihangaika nalo tangu mwaka 1991, na mpaka leo hazijalimaliza. Nimechagua mfano wa nchi hiyo kwa kuwa huko usumbufu ulianza mapema na sheria zimetungwa nyingi, na kwa hiyo tunaweza kuona waziwazi ni jambo gani sheria inaliweza na ni jambo gani haliwezi.

Kwanza tuelewane kuhusu jambo lenyewe. Mashine hupewa orodha ya namba za simu, au hujitungia namba kwa kufuata mfululizo, kisha huzipiga zenyewe moja baada ya nyingine, usiku na mchana, bila mkono wa mtu. Ukipokea, hukutani na mtu bali na sauti iliyorekodiwa. Sauti hiyo itakuuzia bima, itakutisha kwamba unadaiwa kodi, au itakuambia kwamba dhamana ya gari lako imekwisha hata kama hujapata kumiliki baiskeli. Ukijibu, haikusikii. Ukikasirika, haioni aibu. Ukikata, inaendelea na namba inayofuata.

Nilipoanza kazi ya ualimu katika miaka ya 1970, baada ya kutoka chuo cha ualimu, simu kwetu ilikuwa kitu cha posta, ofisi ya wilaya na misheni. Kupiga simu kulikuwa safari. Mtu alifika posta, akamtajia karani namba, akasubiri kuitwa, kisha akalipa kwa dakika. Kwa sababu hiyo hakuna aliyepiga simu bila neno. Nayasema haya si kwa kuusifu ufukara wa siku zile, maana wapo waliokosa daktari kwa kukosa simu. Ninachotaka tukione ni kwamba gharama yenyewe ilikuwa mlinzi wa adabu. Mwitaji alitoa fedha zake na muda wake kabla ya kuchukua muda wa mwitwa, na hivyo pande mbili zilikuwa karibu sawa.

Mashine imeuvunja usawa huo. Mwitaji hatoi muda wowote, na fedha anazotoa kwa kila simu, hasa tangu simu zilipoanza kusafirishwa kwa intaneti, ni sehemu ndogo ya senti. Mwitwa ndiye anayelipa: huacha chakula, huamka usingizini, hushuka kitandani akiwa mgonjwa. Hapo ndipo kiini cha jambo hili kilipo kimaadili. Kosa la mashine si kwamba inaita. Kosa ni kwamba inaita bila kujitoa, na kwa jina ambalo huwezi kulishika.

Atatokea mtu aseme: "Mwalimu, mbona machinga naye hupita mitaani akinadi bidhaa zake? Mbona muuza samaki huamsha mtaa mzima alfajiri? Nao wapigwe marufuku?" Ni hoja nzuri, na haifai kuipuuza, kwa kuwa mtu maskini akizuiwa kunadi atakula nini? Lakini mtazame machinga kwa makini. Anatembea kwa miguu, jua linampiga, mzigo unamlemea. Akifika kwako anakuona usoni. Ukimwambia, "Leo sihitaji, mwanangu," atakwenda kwa jirani, na kesho atakumbuka kwamba wewe si mteja wake. Zaidi ya hayo, idadi ya milango anayoweza kuibishia kwa siku imepimwa na nguvu za miguu yake. Machinga ana kikomo ndani ya mwili wake, nao mtaa unaweza kumvumilia kwa sababu hiyo. Mashine haina miguu ya kuchoka.

Nami kwa mazoea ya ualimu wa hesabu hupenda kulipima jambo kwa namba. Mwaka 2023 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani ilitoza kundi moja la wapigaji faini ya karibu dola milioni 300. Kundi hilo lilikuwa limepiga simu zaidi ya bilioni 5 katika muda wa miezi mitatu ya mwaka 2021, nyingi zikiwa juu ya hizo dhamana za magari. Tuseme simu moja tu kati ya tano ilipokelewa, na kila aliyepokea alipoteza sekunde kumi kabla ya kukata. Hizo ni sekunde bilioni 10. Gawanya kwa sekunde za mwaka, utapata zaidi ya miaka 300. Ni umri wa watu wanne walioishi hadi uzee, na wote wameliwa kidogo kidogo, bila hata mmoja kupiga yowe, kwa kuwa aliyepoteza sekunde kumi huona haya kulalamika. Kuna maovu yanayofanikiwa kwa sababu yamegawanywa vipande vidogo mno, kila mtu akapewa chake cha kuvumilia.

Bunge la Marekani lililiona hilo mwaka 1991 lilipotunga Sheria ya Kuwalinda Watumiaji wa Simu, iliyotiwa saini na Rais George H. W. Bush mwezi Desemba mwaka huo. Ndani ya sheria yenyewe Bunge liliandika kwamba wauzaji zaidi ya 300,000 walikuwa wakiwapigia Wamarekani zaidi ya milioni 18 kila siku. Seneta Ernest Hollings wa South Carolina, aliyeusimamia muswada huo, aliwaeleza wenzake jinsi simu hizo zilivyowaamsha watu asubuhi, zikawakatiza wakati wa chakula cha jioni na kuwatoa vitandani wagonjwa na wazee. Tena palikuwa na hatari kubwa kuliko kero. Mashine iliyopiga namba kwa mfululizo haikubagua. Ilifika kwenye namba za zimamoto na katika vyumba vya wagonjwa hospitalini, na wakati mwingine iliishikilia laini wakati mwenye shida ya kweli akitafuta msaada.

Sheria hiyo ilikataza kupiga simu majumbani kwa sauti bandia au iliyorekodiwa bila idhini ya mwitwa, isipokuwa kwa dharura na kwa misamaha kadhaa. Ilizuia mashine zisiziguse namba za dharura, vyumba vya wagonjwa na simu za mkononi. Kisha ikaweka jambo ambalo mimi naliona la busara sana: mtu aliyesumbuliwa aliruhusiwa kwenda mahakamani mwenyewe na kudai dola 500 kwa kila simu, au hasara yake halisi kama ni kubwa zaidi, na mahakama ingeweza kuongeza hadi dola 1,500 iwapo mpigaji alifanya kusudi. Kwa maneno mengine, Bunge lilitambua kwamba gharama ya kuita imeondoka, likajaribu kuirudisha kwa mlango wa mahakama.

Hapo wauzaji walisimama na hoja nzito kuliko ile ya machinga. Walisema: katiba yetu inalinda uhuru wa kusema, na simu ni kusema, serikali inapotuzuia kupiga simu inatufunga mdomo. Mimi niliyeishi katika zama ambazo mtu alipima maneno yake kabla ya kuyatamka siwezi kuudharau uhuru wa kusema. Serikali ikishapata mkono wa kuzuia sauti moja kwa sababu ni kero, kesho itaziona sauti nyingine nyingi kuwa ni kero.

Lakini Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imekwisha kuugusa mzizi wa jambo hili mwaka 1970, katika kesi iliyohusu barua za matangazo. Iliamua kwamba mwenye nyumba anaweza kumtaka mpelekaji asimtumie tena barua zake, na kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumsukumizia mwenziwe hata mawazo mema ikiwa mwenziwe hayataki. Uhuru wa kusema, basi, una mpaka wake kwenye kizingiti cha mlango. Una haki ya kusimama sokoni ukanena mpaka sauti ikukauke. Huna haki ya kunifuata chumbani.

Kwa msingi huo, mwaka 2003 Tume ya Shirikisho ya Biashara ilifungua daftari la taifa ambamo mtu asiyetaka simu za biashara angeandikisha namba yake. Daftari lilifunguliwa mwezi Juni, na kufikia Oktoba, lilipoanza kutumika, namba zaidi ya milioni 50 zilikuwa zimeandikishwa. Huo ulikuwa ni umati wa watu wanaosema kwa pamoja, "Tafadhali, tuacheni." Mwezi Septemba mahakama mbili zilitaka kulizuia daftari hilo, lakini mwezi Februari 2004 mahakama ya rufani iliyoko Denver ililiruhusu. Sababu mojawapo iliyotolewa ndiyo ninayoipenda: si serikali iliyochagua nani anyamaze, bali kila kaya ilijichagulia yenyewe. Muuzaji hakufungwa mdomo. Mwenye nyumba alipewa kitasa. Naona hiyo ndiyo tofauti kati ya ulinzi na udhibiti, na ingefaa kila serikali ikaijua.

Hata hivyo, watunga sheria ni wanadamu. Daftari lile liliwahusu wauzaji, lakini simu za wanasiasa, za mashirika ya hisani na za utafiti wa maoni hazikuwekwa chini yake. Kwa hisani na utafiti mtu anaweza kukubali kwa shingo upande. Kwa wanasiasa je? Mwenye kutunga sheria ya hodi amejikatia dirisha la nyuma. Mwaka 2015 Bunge lilikwenda mbali zaidi: liliruhusu mashine kupiga simu za mkononi pale zinapodai madeni ya serikali au yaliyodhaminiwa na serikali. Yaani kero ya mfanyabiashara ni kero, lakini kero ya serikali ni wajibu! Mwezi Julai 2020 Mahakama ya Juu iliufuta msamaha huo, na katazo lenyewe likabaki. Funzo hapa halihusu Marekani peke yake. Mlinzi anayejiruhusu kufanya lile analowakataza wengine hulinda nafasi yake tu, na wanaolindwa hulijua hilo upesi.

Lakini tatizo kubwa zaidi lilitoka kwingine. Daftari lilitiiwa na wafanyabiashara waliokuwa na duka, jina na heshima ya kupoteza. Matapeli hawakulisoma. Wao walijifunza kuficha namba zao na kuonyesha namba ya uongo, aghalabu namba inayofanana kwa mwanzo wake na yako, ili udhani ni jirani anakuita. Kwa lugha yetu, walijifunza kuigiza sauti ya ndugu yako nje ya mlango. Hodi inayosema uongo juu ya nani amesimama nje ni mbaya kuliko kuingia bila hodi, kwa kuwa inautumia ule wema wako uleule wa kufungua.

Ndipo mwezi Desemba 2019 ikapatikana sheria nyingine, ambayo katika Seneti ilipitishwa kwa kura 97 dhidi ya 1. Na katika nchi iliyogawanyika kisiasa kama ile, makubaliano ya namna hiyo ni ya kushangaza. Kwa mujibu wake, kuanzia tarehe 30 Juni 2021 makampuni makubwa ya simu yalitakiwa kuweka mtambo wa kuthibitisha namba. Kazi yake inaeleweka kwa urahisi. Kampuni inayoianzisha simu huitia muhuri wa kielektroniki unaosema namna inavyomfahamu mpigaji: kwamba inamjua na namba ni yake kweli, au inamjua yeye lakini si namba, au imeipokea tu simu kutoka mahali pengine. Kampuni inayoipokea huusoma muhuri huo kabla simu haijalia kwako.

Nilipojifunza habari hiyo nilikumbuka kengele ya shule. Shule niliyoiongoza ilikuwa na kengele ya rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa mwembeni. Mtoto yeyote angeweza kuigonga. Chuma hakichagui mkono. Lakini mgonga kengele alikuwa mmoja kwa wiki, na jina lake liliandikwa katika daftari la zamu. Nilikuwa nikiwaambia viranja wangu kwamba mtu anayegonga kengele ile anawakatiza watoto mia nne kwa pigo moja, pamoja na mwalimu aliyekuwa katikati ya sentensi. Uwezo huo haupewi mtu asiye na jina. Tuliandika jina ili mgongaji ajue kwamba akiulizwa, atajibu, na wala hatukuwa na nia ya kumwadhibu. Nchi ile kubwa, kwa mitambo yake yote, ilikuwa inatafuta daftari la zamu ya kengele.

Je, wamefaulu? Kwa sehemu. Muhuri ule husafiri katika mitandao ya kisasa peke yake, na simu inayopita katika mitambo ya zamani huupoteza njiani. Wapigaji wengine wako nje ya mipaka ya nchi. Na faini, hata zikiwa kubwa, hazikusanyiki kwa urahisi, maana tapeli hafungui ofisi akasubiri kudaiwa. Mwaka 2019 gazeti la The Wall Street Journal liliripoti kwamba kati ya faini za dola milioni 208 ambazo Tume ya Mawasiliano ilikuwa imetoza tangu 2015, zilizokusanywa zilikuwa dola 6,790. Sheria yenye meno lakini isiyo na taya haiumi.

Baadhi ya watu huhitimisha kwamba basi kila mtu ajilinde mwenyewe. "Usipokee namba usiyoijua," wanasema, "na yote yatakwisha." Ushauri huo ni mwepisi, na mimi sikubaliani nao. Nitaeleza kwa nini.

Yupo mwanafunzi wangu wa zamani, binti mwenye akili na heshima, ambaye sasa ni muuguzi huko Minnesota. Kama wenzake wengi wa huko, aliiweka simu yake isilie namba ngeni ikipiga, kwa kuwa zilikuwa zikimwita mara nyingi kwa siku na yeye hufanya kazi za usiku. Baba yake alifariki kijijini. Usiku ule simu ya kaka yake ilikuwa imezimika kwa kukosa chaji, umeme ukiwa umekatika, hivyo akaazima ya jirani. Alipiga mara nne. Simu ya binti haikulia. Alizikuta namba zile alipotoka kazini asubuhi, akazipuuza, na habari akaipata mchana kwa ujumbe wa shangazi yake, wakati huku watu walikuwa wamekwisha kupanga maziko. Alipokuja matanga alinisimulia akiwa ametazama chini. Alisema, "Shikamoo Mwalimu, hata sijui niseme nini. Nilidhani ni wale."

Maneno hayo, nilidhani ni wale, yameniingia kuliko takwimu zote. Wale ni akina nani? Ni watu asiowajua, ambao hawakumwibia hata senti. Lakini walichukua kitu ambacho hakiandikwi katika hati ya mashtaka: walimfundisha kutofungua mlango. Jirani yule aliyetoa simu yake usiku kwa wema alionekana kuwa mmoja wao. Hospitali inayopiga kutoa majibu, mwalimu anayempigia mzazi, dereva aliyemkuta mtoto wako amepotea stendi, wote hawa hutumia namba ngeni. Mtu akiamua kutoitikia hodi yoyote, wageni wabaya watakwenda kwingine, lakini mwenye shida ya kweli atabaki nje.

Kwa hiyo nasema kwamba kinachoharibiwa na simu hizi si utulivu peke yake. Ni ule ukarimu wa kuitika. Jamii yoyote huishi kwa amana ndogondogo kama hizo: kwamba anayeita ana neno, na anayeitwa ataitika. Amana hiyo si mali ya mtu mmoja; ni kama kisima cha kijiji. Mtu mmoja hawezi kuilinda akiwa chumbani kwake, kama vile asivyoweza kulinda kisima kwa kuacha kunywa maji yake. Ndiyo maana naona serikali ina wajibu hapa, hata kama inaufanya kwa kuchechemea. Kumwambia mwananchi ajifungie ndani ni kumtoza yeye faini ya kosa la mwingine.

Hatari imeongezeka tangu mashine zilipojifunza kuigiza sauti za watu kwa hiyo inayoitwa akili mnemba. Mwezi Januari 2024, siku mbili kabla ya uchaguzi wa awali katika jimbo la New Hampshire, maelfu ya watu walipokea simu iliyosema kwa sauti kama ya Rais Joe Biden, ikiwataka wasipige kura siku hiyo bali waitunze kura yao hadi Novemba. Haikuwa sauti yake. Tarehe 8 Februari Tume ya Mawasiliano ilitamka kwamba sauti iliyotengenezwa hivyo ni sauti bandia kwa maana ya sheria ileile ya mwaka 1991. Angalia jinsi neno lililochaguliwa vema linavyoweza kusubiri miaka thelathini na mbili mpaka likapata kazi yake. Mshauri wa siasa aliyehusika alitozwa na Tume faini ya dola milioni 6 mwezi Septemba 2024. Yeye alidai kwamba nia yake ilikuwa kuonya juu ya hatari ya teknolojia hiyo, na mwezi Juni 2025 baraza la wazee wa mahakama katika jimbo hilo lilimwona hana hatia katika mashtaka ya jinai. Mimi si mwanasheria wa kuamua kati yao. Naona tu kwamba hata wenye sheria nyingi bado hawajakubaliana kosa lina uzito gani.

Hapa kwetu Tanzania kero iliyozoeleka zaidi huja kwa ujumbe mfupi: yule asiyejulikana anayekuambia ile hela uitume kwenye namba hii. Mamlaka ya Mawasiliano imetupa namba 15040 ya kupeleka taarifa za matapeli hao, nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kuuliza ni nani anazishika namba zetu na kwa kazi gani. Ni mwanzo mwema. Lakini tusingoje mpaka adabu yote iandikwe katika sheria, maana haitaandikika.

Nikirudi kwenye swali langu, jibu ni kwamba mashine haiwezi kupiga hodi. Hodi ni tendo la mtu anayeweza kukataliwa, na mashine haikataliki, kwa kuwa hakuna kitu ndani yake kinachosikia hapana. Nyuma ya kila mashine, hata hivyo, yupo mtu aliyeiwasha. Huyo ndiye mgeni, na huyo ndiye anayepaswa kusimama mlangoni kwa jina lake. Sheria zote nilizozitaja, zile zilizofaulu na zile zilizoshindwa, ukiziondolea maneno ya kisheria, zinamtafuta huyo mtu mmoja zimwambie: taja jina lako, toa chochote cha kwako, na ukiambiwa hapana, ondoka.

Nasi tulio wadogo tusidhani kwamba hayatuhusu. Siku hizi katibu wa ushirika, mwenyekiti wa kamati ya harusi, mkuu wa shule na kiongozi wa ibada, kila mmoja anaweza kuwatumia watu mia tano ujumbe kwa kidole kimoja. Wengi wa wasomaji wangu ni walimu na wastaafu, na nyadhifa hizo ndizo mnazopewa. Kabla hujagonga kengele hiyo, jiulize maswali matatu. Je, ningetembea kwa miguu hadi kwa mtu huyu ili kumwambia neno hili? Je, anajua ni nani anayemwita, na akinijibu nitamsikia? Na akisema hataki, nitamfuta katika orodha yangu bila kumnunia? Ukiweza kusema ndiyo kwa yote matatu, piga. La sivyo, mwache mwenzio ale chakula chake.